Simu yako inaitwa 'K': Mbona tovuti hukosea kuitambua?

KILA unapofungua tovuti, kivinjari chako hujitambulisha kwanza. Hutuma mstari mmoja wa maneno kwa seva: mimi ni kivinjari fulani, niko kwenye simu ya aina fulani. Tovuti husoma mstari huo, kisha huamua ikupe ukurasa gani, ikuambie upakue programu ipi, na iandike jina gani kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia katika akaunti yako.

Shida ni kwamba mstari wenyewe umejaa uongo wa tangu zamani.

Miaka ya tisini, Netscape ilijiita Mozilla, na tovuti nyingi zikawa zinaipa kurasa nzuri huku zikinyima vivinjari vingine. Microsoft ikaona isiwe tabu: Internet Explorer nayo ikajiita Mozilla. Hadi leo Chrome, Safari na Firefox, wote huanza na "Mozilla/5.0". Chrome hata huongeza jina la Safari.

Kituko kikubwa kilikuja 2014. Microsoft iliposasisha Windows Phone 8.1, mstari wa kivinjari chake ulitaja Windows Phone, Android na iPhone, zote kwa mpigo! Tovuti iliyotafuta neno "Android" pekee ingempa mwenye Lumia programu isiyoweza kufanya kazi kwake.

Hata majina ya modeli huchanganya. Samsung Galaxy A10 hujiita SM-A105, nayo A10s ni SM-A107. Programu ikitafuta "SM-A10" tu, zote mbili zinaingia kapu moja. Lakini betri ya A10 ni 3,400mAh na ya A10s ni 4,000mAh. Ukinunua betri kwa kufuata kisio la tovuti, umeliwa.

Siku hizi mambo yamekuwa magumu zaidi. Tangu 2019, Safari kwenye iPad hujitambulisha kama kompyuta ya Mac. Nayo Chrome, mwaka wa 2023, iliamua kulinda faragha ya watumiaji kwa kuficha modeli: simu za Android sasa husema "Android 10, K", iwe ni ya bei ya chini au ya laki moja.

Kwa wewe unayejifunza kukodi, afanaleki, usikisie. Anza na sharti finyu ndipo uende kwa pana: uliza Windows Phone kabla ya Android, SM-A105 kabla ya SM-A10. Majibu mawili yakilingana, rudi nyuma hadi kile ambacho yote mawili yanakubaliana, yaani "hii ni simu ya Android", kisha uishie hapo. Bora useme "modeli haijulikani" kuliko kutaja jina lisilo lake. Na kama unachotaka kujua ni upana wa skrini, mbona uulize jina? Pima skrini yenyewe. Kama ni betri, mwulize mwenye simu.

Kwa sisi wengine, suala hili linagusa usalama. Tovuti inayotegemea mstari huu pekee inaweza kukuarifu kwamba "Android 10" imeingia katika akaunti yako ilhali simu yako ni Android 14. Kabla hujamrukia rumeti wako, jua kwamba huenda ni simu yako mwenyewe.

Lakini usilale pia. Ikiwa simu yako inaitwa K, ya mwizi wa akaunti nayo inaweza kuitwa K. Jina halitakutofautishia. Angalia saa: je, wakati huo ulikuwa mtandaoni? Kama hukuwa, badilisha nywila, toa vifaa vyote kwenye akaunti, kisha uingie upya. Kazi ya dakika mbili tu, na hutakuwa umemsingizia mtu.