Mwenye Picha Hunyamaza

Enzi za mikanda, Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu. Harusi zilikuwa zimekwisha Jumamosi na Jumapili, na kufikia saa mbili asubuhi wapiga picha wa Dar es Salaam tulikuwa tumeshapanga foleni kwenye studio ya kusafishia picha katikati ya jiji, kila mmoja na mikanda yake mfukoni, picha 36 kwa mkanda. Wakati mashine ikifanya kazi, tulikaa nje kwenye benchi, muuza kahawa akitupitishia vikombe na kashata. Benchi lile ndilo lililonifundisha kazi. Bahasha ya picha ikitoka haikwenda kwa wenye harusi moja kwa moja. Ilipita benchini kwanza.

Benchi lilikuwa na adabu zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Picha hupokewa kwa mkono wa kulia na kushikwa kwa kingo, uso wake usiguswe na kidole chenye mafuta ya kashata. Mwenye picha hunyamaza. Haruhusiwi kueleza jua lilikuwaje wala bwana harusi alivyochelewa, kwa kuwa picha ikishaingia kwenye albamu, yeye hatakuwapo kuitetea. Anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote. Katika mambo mengine ya kwetu mkubwa hutangulia, lakini hapa wazee walikuwa wamegeuza kwa makusudi: mzee akishatoa neno, kijana gani atathubutu kuona kingine?

Swali la kwanza halikubadilika: "Unaona nini?" Hukuulizwa kama picha imependeza. Ulitakiwa kutaja vilivyomo: mkono wa nani uko begani kwa nani, mwanga unatoka upande gani, nani amekatwa kiwiko pembeni. Maana ilifuata baadaye, na kila aliyeitoa alidaiwa aonyeshe kwa kidole ameitoa wapi.

Kwa kutazama pamoja hivyo tuligundua mambo ambayo mtu peke yake asingeyagundua. Mimi nilidhani ndiye pekee ninayewaharibia maharusi: shela jeupe limetoka vizuri, uso wa bibi harusi umezama gizani. Siku tulipopanga magotini picha za watu watano, tuliukuta ugonjwa uleule kwa wote. Weupe mwingi wa shela huidanganya kamera, ikapunguza mwanga. Isitoshe, kwa miaka mingi rangi za picha zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, kadi ambazo mafundi walizijua kwa jina la Shirley. Ngozi yetu haikuwamo kwenye kipimo. Tukakubaliana palepale: mwanga upimwe usoni, na fundi wa mashine aambiwe arekebishe kwa kufuata uso, shela liache lijitafutie lenyewe.

Zilikuwapo pia picha zisizofika benchini. Huku pwani, kwenye sherehe za wanawake peke yao, mabuibui huvuliwa na mpiga picha huwa mwanamke. Dada mmoja mwenzetu alikuwa akizipokea bahasha hizo na kuzitia mkobani bila kuzifungua. Hakuna aliyemwomba azionyeshe. Zile ni amana za watu. Za msibani nazo, zikija, zilipita mkono kwa mkono kimya kimya. Hakuna aliyezungumzia mwanga.

Siku moja nilileta picha niliyoipiga Kunduchi, ambayo niliipenda kuliko zote. Mwanamke amesimama ufukweni, ametupa mgongo, mkono kiunoni, anatazama bahari. Miguuni pake pana beseni. Mdogo wetu akaanza: anamsubiri mumewe aliyekwenda kuvua, ana huzuni. Wa pili akaunga mkono. Yule dada akaichukua, akaisogeza kwenye jua. "Tazameni kanga," akasema. "Imefungwa juu ya magoti na imelowa mpaka mapajani. Beseni lina uduvi. Huyu ametoka kutanda, mgongo unamuuma, anajinyoosha. Huzuni mmemvika nyinyi." Jina la kanga lilionekana nusu tu, nusu nyingine ilikuwa imefichwa na fundo, hivyo hata kanga haikutusaidia. Mzee wetu alisema mwisho, na aliniuliza neno moja tu: "Ulimwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza.

Swali hilo halikulihusu benchi letu tu. Machi 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha huko Ayod, Sudan: mtoto ameinama chini kwa njaa, tumbusi ametua nyuma yake. Ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na walioitazama wengi waliamini ni mtoto wa kike aliyeachwa peke yake afe. Lakini kwenye mkono wa mtoto panaonekana utepe wa plastiki, alama ya kuwa ameandikishwa kwenye kituo cha chakula. Mwaka 2011 wanahabari wa Hispania walifika Ayod, na baba akawaeleza kuwa mtoto alikuwa wa kiume na kwamba alinusurika njaa ile. Utepe ulikuwa pale miaka yote, ila machozi yalitutangulia macho.

Desturi ya benchi ilikuwa picha ya mtu irudishwe kwa mtu. Nikaisafisha nakala nyingine, nikarudi Kunduchi. Yule mama alipangusa mikono kwenye kanga kabla ya kuipokea, akaishika kwa kingo bila kuambiwa, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hili beseni si langu, mwanangu. Ni la shoga yangu. Alikuwa bado yuko majini, nikawa namngojea."

Kumbe vijana walikuwa sahihi kwamba anamngoja mtu, na dada alikuwa sahihi kwamba hakuna huzuni. Shoga hakuna aliyemwona, kwa sababu mimi ndiye niliyemwacha nje ya picha.

Studio ile ilishafungwa na benchi halipo. Tuliobaki tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu, na picha tunazichapa karatasini makusudi, maana kwenye simu kidole huisukuma picha kabla jicho halijashiba. Vijana wanaotujia huona taabu sana kunyamaza picha zao zinaposemwa. Nawaelewa, nami niliona taabu. Ila siku hizi nikimpiga mtu anayetazama mbali, sishushi kamera mpaka nimegeuka na kukipiga anachokitazama.