Divai ya Diani, kachumbari ya Bodo

Chupa ya elfu tatu, tumekunywa nusu, na gari la kuturudisha Bodo lishafika. Uiache? Zii. Umelipia, ni yako. Nilimwomba weita aturudishie kizibo, akakikaza vizuri na kuifunga chupa kwa gazeti. Wala hakushangaa.

Lakini kubeba ndiyo kazi rahisi. Divai ikishafunguliwa, hewa inaanza kuiharibu. Kwenye friji utapata siku tatu hadi tano hivi. Kwa joto letu la Pwani na huna friji, kesho yake tu ladha ishaanza kugeuka. Ni kama mnazi: asubuhi mtamu, jioni mkali, kesho siki.

Halafu kuna mwenyeji. Bodo ni kijiji cha wavuvi, wengi Waislamu, ndiko unakopandia mashua ya Funzi. Mama aliyetukodishia chumba aliiona chupa, akauliza ni nini. Nikajifanya mjanja: "Ni siki, mama."

Kesho yake mchana, samaki washakaangwa, akaja na bakuli. "Mwanangu, nitilie siki kidogo kwenye kachumbari."

Maze, niliishiwa maneno. Ningenyamaza, angekula pombe bila kujua, na mimi namtazama tu. Nikasema ukweli, macho chini.

Akavuta bakuli lake. "Ungesema tu tangu jana. Sasa itoe jikoni mwangu."

Niliimwaga nyuma ya choo, elfu na mia tano yote. Kachumbari tukaikamulia ndimu.