Farasi, Inhela na Kikombe cha Mkojo

Utende hakuna farasi. Kuna ngalawa, kuna bodaboda za Kilindoni, kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na wapo wanachuo wanaofika huko kwa fildi. Mmoja wao, mwenye pumu na mkimbiaji wa mita 800 wa chuo, alituuliza: nikivuta inhela leo, mkojo wangu utanisema kwa siku ngapi? Alikuwa amepanga kuiacha kabisa wiki ya mashindano. Nilipoanza kutafuta jibu, nikajikuta nasoma habari za farasi, maana huko swali hili limehesabiwa mpaka saa.

Farasi naye huugua pumu. Ukimfungia bandani ukamlisha nyasi kavu zenye vumbi na ukungu, anakohoa, anabanwa, mbio zinamshinda. Dawa mojawapo ni ileile tunayoijua, salbutamol. Ila farasi hapumui kwa mdomo, kwa hiyo huvalishwa kifaa puani ndipo anapuliziwa. Kwa kuvuta, dawa inatua mapafuni moja kwa moja, na dozi ndogo inatosha. Lakini haiishii hapo. Nyingine hunata kooni ikamezwa, nyingine hutoka mapafuni ikaingia kwenye damu, na mwisho wa safari ni figo na mkojo.

Nguvu ya salbutamol kwa farasi huisha ndani ya saa chache. Maabara haipimi nguvu, inapima mabaki. Miongozo ya mbio za farasi Marekani imetaja saa 72: dozi isiyozidi mikrogramu 720, isimame siku tatu kabla ya mbio, na mkojo usizidi nanogramu 1 kwa mililita. Ukibadilisha dawa au njia ya kuitoa, hesabu inabadilika. Klenbuterol, ambayo farasi hunyweshwa kwa siku kadhaa mfululizo, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi limeiandikia saa 168, yaani wiki nzima. Na hizo si dhamana. Zinatokana na kupima farasi wachache wenye afya, kwa hiyo daktari wa mifugo mwenye akili huongeza siku za tahadhari.

Sasa binadamu. Kikomo cha salbutamol kwenye mkojo wa mwanamichezo, kwa kanuni za WADA, ni nanogramu 1000 kwa mililita. Mara elfu ya kile cha farasi! Si kwamba farasi anaonewa. Kwake kanuni inataka akimbie bila dawa mwilini. Akiihitaji, apumzike, maana hakujiandikisha mwenyewe na hawezi kusema kifua kinabana. Wewe unaruhusiwa kutibiwa na kushindana siku hiyohiyo. Kwako kikomo hakiulizi kama umevuta, kinauliza kama umevuta kupita kiasi: mikrogramu 1600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8 zozote. Kwa inhela ya kawaida ya mikrogramu 100, hiyo ni mipulizo sita kwa saa nane. Kwa hiyo swali la "siku ngapi" ni la farasi. Kwa mkimbiaji wetu halina kazi.

Mtego upo kwingine. Chris Froome, mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alipimwa Septemba 2017 kwenye mashindano ya Vuelta a España akakutwa na nanogramu 2000. Kelele zilikuwa kubwa. Baadaye hesabu ilirekebishwa kwa sababu mkojo wake ulikuwa mzito, ikashuka hadi 1429, na Julai 2018 kesi ikafungwa bila adhabu. Maji mwilini yana maana, na jua la Mafia mnalijua.

Mtego mwingine uko kwenye duka la dawa. Inhela ikiisha kijijini, wengi hununua vidonge au sharubati ya salbutamol, maana ndivyo vya bei nafuu. Kwa mwanamichezo, hivyo havina kikomo cha kuruhusiwa: ni marufuku wakati wote mpaka uwe na kibali cha matibabu. Prednisolone ya vidonge nayo ni marufuku wakati wa mashindano, ilhali beclomethasone ya kuvuta inaruhusiwa. Yaani mtu anaacha inhela halali kwa kuogopa kupimwa, kisha anameza kidonge kisichoruhusiwa. Mimi naona makocha wetu wangetuambia hili kabla ya kutugawia jezi.

Na ukibanwa kweli, mipulizo haisaidii, usikae unahesabu. Endelea kuvuta wakati unapelekwa hospitali. Kutoka Utende ni Kilindoni. Kanuni zinaruhusu kibali kuombwa baada ya dharura, ukiwa na karatasi za daktari aliyekuhudumia.