Kondoo Anayechechemea Asingoje Kesho

Katika nyanda za juu za Kenya, kama vile Molo na Kinangop, mvua za masika huleta malisho mengi na furaha kwa wenye kondoo. Lakini mvua hizo hizo hugeuza lango la zizi kuwa matope, na ndio wakati ambapo ugonjwa wa kuoza kwato huenea. Kondoo huanza kwa kuchechemea, kisha hubaki nyuma ya wenzake, na mwisho huonekana akila majani kwa kupiga magoti. Aliyefikia hapo hapati kushiba. Akiwa jike anyonyeshaye, maziwa hupungua na mwanawe hudhoofu. Hivyo mwenye mali hupata hasara mara mbili.

Wafugaji wengi hudhani kwamba matope ndiyo yaozeshayo kwato. Sivyo. Unyevu hulainisha tu ngozi iliyo katikati ya kwato. Ugonjwa wenyewe huletwa na vijidudu viishivyo katika mguu wa kondoo mgonjwa. Vikianguka mahali penye unyevu, vyaweza kuishi ardhini siku 7 hata 14, vikingoja mguu mwingine. Kwa hiyo shamba lisilo na mgonjwa haliupati ugonjwa huu kwa sababu ya mvua peke yake. Mara nyingi huletwa na kondoo aliyenunuliwa sokoni, au dume lililoazimwa kwa jirani.

Kila kondoo anayechechemea yafaa akamatwe siku ile ile, matope yaondolewe, na mguu utazamwe vizuri. Pengine kisa ni mwiba au jiwe tu. Lakini ngozi ikiwa nyekundu na mbichi, ukwato ukibanduka kwenye nyama, na pawe na harufu mbaya ya uozo, basi ugonjwa ndio huo.

Zamani dawa iliyosifiwa ilikuwa kisu: kwato zilikatwa mpaka damu ikatoka. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kwamba kondoo waliochomwa sindano ya antibiotiki bila kukatwa kwato walipona upesi kuliko waliokatwa. Tena kisu kisichosafishwa hubeba vijidudu kutoka mguu hadi mguu. Heri mfugaji amwite daktari wa mifugo, naye atampima mgonjwa na kumchoma sindano ipasayo. Siku ambazo daktari ataagiza nyama na maziwa yasitumiwe, hapana budi zifuatwe.

Mgonjwa atengwe na wenzake mpaka apone. Kundi lililobaki lioshwe miguu katika josho dogo lenye dawa ya zinki salfeti, kilo 1 kwa lita 10 za maji. Kondoo wanyweshwe maji kwanza ili wasiinywe dawa hiyo, na matope yaoshwe kwatoni kabla ya kuingia. Wasimame humo dakika kadhaa, kisha wakae mahali pakavu mpaka kwato zikauke. Wengine hutumia mrututu, lakini hiyo ni sumu kali kwa kondoo akiinywa.

Kondoo mgeni, hata akiwa mzuri namna gani, akae peke yake majuma 4 kabla ya kuchanganywa na kundi. Na yule augonjwaye mara kwa mara ijapokuwa ametibiwa, afadhali auzwe kwa mchinjaji kuliko kuwekwa kama mbegu ya maradhi.

Jambo moja lisisahauliwe. Kondoo wengi wakichechemea kwa ghafula, na malengelenge yakaonekana midomoni, huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Hapo mnyama yeyote asihamishwe, na habari ipelekwe mara moja kwa afisa wa mifugo, kama sheria inavyotaka.

Samaki mmoja akioza, huoza wote. Sindano ya kondoo mmoja leo ni gharama ndogo. Kundi zima likipiga magoti malishoni, gharama yake yaweza kumaliza karo ya watoto ya mwaka.