Kupanda Mchongoma: Habari za Mteremko wa Repack

Aghalabu watu hudhani kwamba mashaka ya mwenye kuendesha baiskeli mlimani yamo katika kupanda, pale miguu inapowaka na pumzi zikapungua; lakini aliyewahi kuteremka njia nyembamba yenye mawe, mizizi na mifereji iliyochimbwa na mvua, huyo hahitaji kufasiriwa kwa nini wahenga walinena: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Mteremko uliopata sifa kuliko mingine ni ule uitwao Repack, karibu na mji mdogo wa Fairfax, katika jimbo la California, Marekani, ambao kwa mwendo wa kilomita zipatazo 3 hushuka kiasi cha mita 400. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko waliuteremka kwa baiskeli kuukuu za chuma, nzito, za gia moja, ambazo breki yake imo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma na hushika kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Msuguano ulizaa joto kali hata grisi ikayeyuka na kufuka moshi, na wafikapo chini hapana budi habu ifunguliwe, ipakwe grisi upya. Ndiyo asili ya jina hilo, ambalo maana yake ni kujaza tena.

Tarehe 21 Oktoba 1976, Charlie Kelly, mmoja wa vijana hao, aliandaa mashindano ya kwanza, kila mtu akishuka peke yake kwa kupimwa na saa. Akashinda Alan Bonds, ambaye katika wote ndiye pekee asiyeanguka. Na kwa kuwa baiskeli zile kuukuu hazikustahimili mapigo ya mawe, mwenzao Joe Breeze mwaka 1977 aliunda fremu mpya kwa ajili ya milima, na tangu hapo ufundi huo ukaenea ulimwenguni.

Hata leo hikima ni ile ile. Mteremkaji stadi hakai juu ya siti, bali husimama juu ya pedali zilizolingana, magoti na viwiko amevilegeza, kiwiliwili amekirudisha nyuma kidogo. Wala hakodolei jiwe lililo mbele ya tairi, bali hutazama pale atakapo kupita, maana baiskeli hufuata macho. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, kwa sababu mtu apunguzapo mwendo uzito huelemea mbele. Lakini ikibanwa ghafla konani, juu ya changarawe, tairi huteleza, naye yuko chini. Kwa hiyo hupunguza mwendo kabla ya kona, ilhali njia ingali imenyooka.

Basi, ewe msomaji, ukitamani njia kama hiyo, vaa kofia ngumu, kagua breki zako ungali kileleni, na palipokushinda shuka uikokote baiskeli bila ya haya. Kwani katika mbio zile za kwanza, ushindi ulikuwa wa aliyefika chini salama.