Mnyanya Unapougua

Maneno yetu ya leo ni habari za mnyanya uuguao katika bustani ya nyumbani.

Desturi ya wengi ni hii: mtu akiona mnyanya umelegea, hukimbilia kuutia maji, akiona doa, hununua dawa. Kumbe huenda maji yale ndiyo yanayoueneza ugonjwa, na fedha ya dawa imepotea bure. Mganga mwema huuliza kwanza, ndipo akatibu. Nasi tusimame mbele ya mmea wetu, tuulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, mmea umenyauka wote, na hali majani yangali mabichi? Ikiwa ni kiu tu, utainuka ukinyweshwa. Lakini ikiwa udongo una maji, na mmea hulala mchana na kuinuka kidogo jioni, shuku mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, ukishike wima katika bilauri ya maji safi, ncha ya chini ikiwa majini. Usikitikise. Ukiona baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukishuka, hao ndio bakteria wenyewe. Ugonjwa huu hauna dawa. Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uuchome moto, kisha osha jembe lako. Wala usiyaache maji yatiririke kutoka shimo lile kwenda kwa minyanya mizima. Bakteria hao hukaa udongoni miaka mingi. Kwa hiyo usipande hapo tena nyanya, biringanya, pilipili wala viazi vya kizungu, maana mimea hiyo yote ni jamaa moja. Panda mahindi kwa misimu kadhaa.

Swali la pili: Je, majani yana madoa? Madoa makubwa meusi-meusi, kana kwamba jani limemwagiwa maji ya moto, na chini ya jani ukungu mweupe wakati wa asubuhi, ni dalili za baka la baridi na umande. Wakulima wa milima ya Usambara na miteremko ya Kilimanjaro wanalijua sana. Ndilo lililoharibu viazi katika nchi ya Ireland tangu mwaka 1845, hata watu wengi mno wakafa kwa njaa. Baka hili huweza kumaliza bustani kwa siku chache. Basi panda kwa nafasi, ufunge kila mmea kwenye mti ili upepo upite, umwagilie chini penye shina wala si juu ya majani, na majani yenye baka yaondoe mara moja. Dawa ya mrututu na chokaa hukinga ikinyunyizwa mapema, kwa kipimo cha bwana shamba. Jani lililokwisha kuoza haliponyi.

Swali la tatu: Je, majani ni mazima, ila tunda lina doa jeusi lililobonyea upande wa chini, mbali na kikonyo? Hapo usinunue dawa yo yote. Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa chokaa, na mara nyingi sababu yake ni maji yasiyo na utaratibu: leo mafuriko, kisha siku nne ukavu. Mwagilia kwa kiasi kilekile kila mara, na utandaze majani makavu juu ya udongo ili uhifadhi unyevu. Matunda yatakayofuata yatakuwa mema.

Mwaona basi kwamba mmoja wataka moto, wa pili wataka upepo na dawa ya mapema, na wa tatu wataka maji ya kipimo tu. Atendaye dawa moja kwa yote matatu hupoteza mavuno, na pengine hupoteza na shamba la mwakani. Kesho asubuhi, kabla ya kushika ndoo, piteni bustanini mkatazame shina, jani na tunda.