Nyumba za Pwani: Kivuli, Upepo na Sitara

Ukifika Bagamoyo wakati wa kaskazi, saa nane mchana, jua likiwa kali na mchanga ukiunguza nyayo, ingia katika nyumba moja ya mawe ya mtaa wa kale. Mara utahisi ubaridi. Je, ubaridi huo watoka wapi, na hali waliojenga katika karne ya 19 hawakuwa na umeme wala feni?

Siri ya kwanza ni ukuta. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikafikia unene wa nusu mita hivi. Chokaa waliipata kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya lundo la magogo. Ukuta mnene haupitishi joto upesi. Kabla halijafika ndani, jua limekwisha kuchwa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, nazo kwa kuwa si ndefu, vyumba vikawa vyembamba, upana wa mita 3 au pungufu.

Siri ya pili ni upepo. Nyumba ya miti na udongo, ambayo ukuta wake si mnene, hushinda joto kwa njia nyingine. Mbele ina baraza; katikati ukumbi ulionyoka hadi ua wa nyuma; vyumba viko kushoto na kulia. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu, na upepo huingia mlango mmoja ukatokea wa pili. Paa la makuti huinuliwa juu ili maji ya masika yateremke upesi, na upenu hukinga ukuta usilowe. Tena baraza ni sitara: mgeni hupumzika kivulini, na watu wa nyumbani wako huru uani.

Leo bati limeshika mahali pa makuti. Hatulaumu, maana makuti huoza, na moto huyala haraka. Lakini wengi walipoacha makuti waliacha na baraza, na upenu, na madirisha ya kutazamana. Mama mwenye mtoto mchanga ndiye ajuaye usiku wa nyumba hiyo ulivyo.

Nyumba za mawe nazo zina msiba wake. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Chokaa hubomoka ndani, boriti huoza, na mwisho dari huanguka. Nenda Kaole, kusini ya mji, ukatazame kuta za msikiti wa kale, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, ambazo zimesimama kwa karne nyingi.

Basi, kijana unayejenga, si lazima urudie makuti. Inua paa, weka dari chini ya bati, acha matundu ya hewa, madirisha yatazamane, upenu uwe mpana, na upande mti upande wa magharibi. Mwenye nyumba ya mawe naye aitengeneze kwa chokaa. Haya hayataki mali nyingi. Yataka tu kwenda kuketi barazani na mzee wa mtaa kabla ya kumwita fundi.